Kabla Rasimu Haijafungwa: niliyojifunza tulipoandaa mpango wa hifadhi ya msitu

Kama msitu, mto au ufukwe ulio jirani yenu umetajwa kwenye mpango mpya wa hifadhi, na mmeanza kuitwa vikaoni kutoa maoni, haya nawaandikia ninyi. Nilikuwa katibu wa kamati ya wananchi katika mchakato kama huo, tangu kikao cha kwanza kilichovunjika kwa kelele hadi mpango ulipotiwa saini. Nimetoka na mengi ya kushukuru na machache ambayo bado yananiuma. Yote nitayasema, maana sisi tulipoanza hatukumpata mtu wa kutueleza.

Kubwa kuliko yote niliseme mapema. Watu wanaoishi na msitu tayari wana sera yao. Hawaiiti hivyo na hawajaiandika, lakini ipo: inasema nani aingie, achukue nini, wakati gani, asiguse wapi. Ukiieleza kama mapenzi tu, wenye kalamu watakusikiliza kwa heshima, watatikisa kichwa, halafu haitaonekana popote kwenye maandishi. Ukiieleza kama mwenendo, yaani nani hufanya nini na asipofanya huchukuliwa hatua gani, inakuwa vigumu kuiruka. Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa kuihamisha sera hiyo kutoka midomoni mwa wenyewe hadi kwenye vifungu.

Mamlaka iliyosimamia zoezi ilimleta mshauri elekezi, naye akaja na vijana wa kujaza dodoso. Swali la msingi lilikuwa: kaya yako inapata nini kutoka msituni? Chini yake kulikuwa na visanduku vya kuweka alama: kuni, dawa, asali, mboga za mwitu, maji, malisho. Watu walijibu kwa uaminifu. Mzee mmoja ambaye ameitunza chemchemi sehemu kubwa ya maisha yake alipoulizwa anapata nini, alijibu kwamba hapati kitu, yeye huenda kuiangalia tu. Kijana alitafuta kisanduku cha jibu hilo, akakikosa, akahamia swali linalofuata. Nilikuwa nimekaa kando yao na niliuona mstari ukibaki mtupu.

Rasimu ya kwanza ilipotoka, nikaelewa uzito wa mstari ule. Wanaochukua kuni wangepewa majiko banifu na miche ya kupanda. Wanaovuna asali wangepewa mizinga nje ya mpaka. Wenye mifugo wangefundishwa kuotesha majani. Kisha msitu wote ungefungwa. Kwa mantiki ya dodoso, hesabu ilikuwa sawasawa: kila kilichoandikwa kuwa kinachukuliwa kilitafutiwa mbadala. Ila mzee wa chemchemi hakutafutiwa chochote kwa kuwa hakuwemo kwenye karatasi, na siku ya kufungwa angehesabiwa mvamizi mahali alipopalilia kwa mikono yake.

Ndipo kikao kikavunjika. Watu walijiona wamefanywa kama wezi wanaobembelezwa waache wizi. Nami nilirudi nyumbani na hasira iliyoninyima usingizi.

Baadaye nilikutana na takwimu zilizonionyesha kwamba hatukuwa peke yetu. IPBES, jukwaa la kimataifa la sayansi na sera kuhusu bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, lilitoa mwaka 2022 tathmini ya namna binadamu wanavyoithamini asili. Walipopitia tafiti zilizofanyika kati ya 2010 na 2020, walikuta asilimia 74 zinapima manufaa ambayo watu wanayapata, asilimia 20 zinazungumzia thamani ya viumbe wenyewe bila kujali faida, na asilimia 6 tu ndizo zinazogusa mahusiano: kutunza, kuwajibika, kujiona wa mahali fulani. Tathmini hiyohiyo inaeleza namna nne za kuishi: kuishi kwa kutegemea asili, kuishi pamoja nayo, kuishi ndani yake, na kuishi ukijiona wewe mwenyewe ni sehemu ya asili. Dodoso letu lilikuwa limeuliza ile ya kwanza tu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ombeni kuliona dodoso kabla halijaanza kujazwa. Swali likishapangwa, jibu lenu halina pa kukaa, na hakuna kelele ya kikaoni itakayolitengenezea nafasi.

Hasira zilipopoa, kamati ikaamua jambo rahisi kulisema na gumu kulitenda. Tuliwaomba wanaoujua msitu watutembeze, nasi tukaandika wanachokifanya, badala ya kuwauliza wanauonaje. Tulimwomba pia ofisa misitu mmoja afuatane nasi. Alikuwa na mashaka mwanzoni, lakini alikuja.

Bibi mmoja mtaalamu wa miti shamba alinisimamisha mbele ya mti uliowahi kubanduliwa gome. Kovu lilikuwa upande mmoja, refu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na kingo zake zilikuwa zimevimba kuelekea katikati, zimekaribia kukutana. Akaingiza ukucha kwenye mwanya uliobaki. Mwanya ukiwapo, alisema, mti huo hauguswi na mtu. Ukifunga, unaweza kubandua upande wa pili, lakini usizungushe kamwe, na ukimaliza unapaka udongo mbichi. Nikamuuliza kwa nini mtu asizungushe. Alinitazama kama anayeona huruma, akasema mti uliozungushwa hukauka, na mti mkavu haumtibu mtoto wa mtu. Ofisa misitu akaongeza kwamba chakula kinachotengenezwa majanini hushuka kwenda mizizini kupitia tabaka la ndani ya gome, kwa hiyo mti ukichunwa mzunguko mzima, mizizi hufa njaa. Bibi akamwambia, "Basi mwanangu, nawe umesoma vizuri." Nilipomuuliza huwa inakuwaje akikuta mtu amebandua ovyo, alisema wabanduaji ni wachache na kila mmoja ana mkono wake, humjua, humshitaki kwa mkubwa wao, na mtu huyo hukatazwa msitu msimu mzima.

Pale pale nilikuwa nimepewa kiwango cha kuvuna, alama ya kupimia, mbinu, msimamizi na adhabu. Rasimu ya wataalamu kuhusu magome ilikuwa na sentensi moja: uvunaji wa dawa za asili umepigwa marufuku.

Tukatengeneza jedwali. Safu zake tulizifuata kutoka kwenye mambo ambayo Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliyakuta kwa jamii zilizoweza kutunza mali ya pamoja kwa muda mrefu: mipaka inayojulikana, kanuni zinazolingana na hali ya mahali, wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji wenyewe, adhabu zinazopanda kidogo kidogo kadiri mtu anavyorudia kosa, na njia ya haraka ya kumaliza ugomvi. Kwa kila eneo tuliandika: linaitwaje, nini kinaruhusiwa, lini, nani anasimamia, akikosa mtu anafanywaje, na dalili gani inaonyesha kwamba mambo yanakwenda vibaya. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotupa nguvu kuliko zote, na nitairudia.

Tofauti ilionekana mara moja. Tulipokuwa tumeandika kwamba wananchi wanauheshimu msitu tangu enzi za mababu, mwanasheria wa mamlaka alisema ni maneno mazuri, akayaweka kwenye utangulizi. Tulipoandika kwamba mti wenye jeraha lisilofunga hauvunwi, kwamba gome halizungushwi, na kwamba waganga waliosajiliwa na kijiji ndio wasimamizi, alichukua kalamu akaanza kuuliza maswali: wamesajiliwaje, daftari liko wapi, rufaa inakwenda kwa nani? Maswali yale yalituchosha, lakini ni maswali ya mtu anayejiandaa kuandika kifungu. Mkianza kuulizwa namna hiyo, msikasirike.

Kuna jambo moja la kuamua kabla hamjagusa ramani. Wazee walikuwa na mahali pawili ambapo hawakutaka pajulikane na kila mtu. Vijana wa kamati, waliokuwa na simu zenye ramani, walitaka kila kitu kipigwe alama kwa sababu kisicho kwenye ramani hakilindwi. Wazee wakasema kilicho kwenye ramani huja kutembelewa, kisha huja kuchimbwa. Wote walikuwa na haki, na ugomvi huo ulitupotezea muda mrefu. Suluhu tuliyoifikia ni kuchora ukanda mpana wa kutoingia, wenye sababu halali za wazi, yaani mteremko mkali na chanzo cha maji, bila kutaja kilichomo ndani. Nakala ya ramani yenye maelezo kamili haikutoka mikononi mwa wazee. Ukilipeleka jambo kama hilo kwenye mfumo wa serikali au wa mradi, halirudi tena kuwa siri. Amueni kwanza, tena wenye mahali wenyewe ndio waamue, si kamati.

Sasa niseme lisilopendeza. Neno "jamii" linaficha mengi. Kwenye mikutano ya hadhara waliozungumza ni wanaume wenye umri, na walizungumza vizuri. Lakini wanaoingia msituni mara nyingi zaidi ni wanawake, na wao walikaa nyuma wakisikiliza. Tulipokaa nao peke yao, mchana, karibu na mahali wanapochota maji, picha ilibadilika. Wao ndio waliojua ni mwezi gani maji hupungua, njia ipi imeanza kumomonyoka, na kuni za aina gani zimeanza kufuatwa mbali. Wahamiaji nao walikuwa wamewekwa kando kwa kuwa hawana makaburi pale. Ila bustani kubwa ya miche ya asili ilikuwa ya kwao, wameianzisha bila kuombwa. Mtu anaweza kukipenda kipande cha ardhi bila kuzaliwa juu yake, na mpango usiomtambua unampoteza mlinzi.

Halafu kuna woga. Wenye mashamba yaliyopakana na msitu hawakuwa na shairi lolote la kuusifu. Wao walikuwa na nyani na nguruwe pori, na usiku wa kukesha wakipiga madebe. Wengine walisema wazi kwamba wanatamani msitu ukatwe. Baadhi yetu tulitaka kuyaacha maneno hayo nje ya ripoti tusionekane wabaya. Nashukuru kwamba mama mmoja, ambaye shamba lake lilikuwa limeliwa lote, alikataa katakata. Chuki na hofu pia ni sehemu ya namna watu wanavyoishi na asili, na sera inayojifanya haizijui hupata upinzani wa kimya: mitego, sumu, na moto ambao hakuna aliyeuona ukiwashwa. Tuliandika malalamiko yao kwa urefu sawa na sifa za wengine, pamoja na madai ya ulinzi wa mashamba, na nadhani ukweli huo ndio uliofanya sifa zetu ziaminike.

Mkifika mahali mnaambiwa kwamba mambo ya imani na mazoea hayana nafasi kwenye uhifadhi wa kisasa, mifano ya kweli inasaidia. Huu ndio tulioutumia zaidi: ngitili za Wasukuma mkoani Shinyanga, nchini Tanzania. Ni maeneo ya malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea. Mfumo ule ulikuwa umedhoofika, miti imefyekwa na ardhi imechakaa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, na waliouendesha wakachagua kujenga juu ya ngitili ambazo watu walizijua tayari. Maeneo yaliyobaki yalikuwa kama hekta 600. Miaka ya 2000 ilipoanza yalikuwa yamezidi hekta 300,000. Ofisa mmoja aliyekuwa akitupinga alinyamaza aliposikia hesabu hiyo.

Tulitaja pia misitu ya Kaya ya Wamijikenda katika pwani ya Kenya, iliyosalimika kwa sababu watu waliiheshimu kama makazi ya wahenga wao, na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Na India, katika milima ya Niyamgiri, ambako Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2013 iliamuru mabaraza ya vijiji yaulizwe kama uchimbaji wa madini ya boksiti ungeingilia ibada ya Wadongria Kondh, wenyeji wa milima hiyo. Mabaraza 12 yalikaa, yote 12 yakakataa, na mwaka uliofuata mradi ukanyimwa kibali. Uzuri wa mfano huo ni kwamba imani ya watu haikubaki ushahidi wa pembeni; ilipewa utaratibu wa kupigiwa kura.

Hukumu ya Waogiek, wenyeji wa Msitu wa Mau nchini Kenya, inahitaji kusomwa kwa makini zaidi. Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kuwatoa Waogiek katika msitu huo kulivunja haki zao, na haikuona ushahidi kwamba kuwapo kwao ndiko chanzo kikuu cha kuharibika kwa msitu. Ni hukumu nzito, na hoja ya pili hasa iwe kichwani mwenu. Ila mwaka 2022 mahakama ilibidi ikae tena na kutoa hukumu ya fidia, na ushindi wa kwenye karatasi umechelewa mno kufika kwa watu. Ndiyo maana nasema ni bora kuingia kwenye rasimu kuliko kusubiri kuipinga mahakamani, kama nafasi ya kuingia ipo.

Mwenzetu mmoja alitaka tuombe msitu upewe hadhi ya mtu kisheria, kama Nyuzilandi ilivyofanya kwa Mto Whanganui mwaka 2017. Wazo lilitugusa wote. Sheria ile imebeba usemi wa Wamaori wa mto huo, kwamba mimi ni mto na mto ni mimi. Lakini tulipoisoma tuliona nguvu yake haimo kwenye usemi peke yake: inateua watu wawili wa kuusemea mto, mmoja kutoka kwa Wamaori na mwingine kutoka serikalini, na ilifikiwa baada ya madai yaliyodumu zaidi ya karne. Sisi hatukuwa na sheria ya namna hiyo, wala muda. Tukaliacha jina tukachukua kilicho ndani yake, yaani watu waliotajwa kwa nafasi zao, wenye haki ya kuzungumza kabla uamuzi wowote kuhusu chemchemi haujapita.

Kuhusu gharama, nisiwadanganye. Mashamba ya wanakamati yalipaliliwa kwa kuchelewa. Nauli na salio la simu vilitoka mifukoni mwetu, na wasio na uwezo waliacha kuja mmoja mmoja, hadi kamati ikaanza kuwa ya wenye nafuu tu. Dawa yake ilikuwa kufanya vikao kwa zamu, kila mara mahali tofauti, na kudai kwa maandishi kwamba walioitisha vikao vya mbali walipie usafiri. Walikubali walipoona barua, baada ya kukataa kwa mdomo mara kadhaa. Wekeni kila kitu kwenye maandishi. Muhtasari wa kila kikao tuliusoma kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, ukasainiwa na pande zote mbili, na nakala zikakaa kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Ilipotokea toleo la tatu la rasimu likawa limepoteza vifungu vyetu vyote vya magome, mihtasari hiyo ndiyo iliyovirudisha. Hatukuhitaji kugombana, tulifungua ukurasa tukasoma.

Gharama nyingine ni ya ndani. Nimepoteza rafiki katika kazi hii, mtu aliyeamini kwamba kukaa meza moja na mamlaka ni kuuza msitu. Naheshimu alikosimama, maana anayo historia ya kumfanya asiamini. Bado tunasalimiana, lakini hatujarudi tulipokuwa.

Mpango uliotiwa saini haukutupa yote. Sehemu ya juu imefungwa kabisa, ikiwemo njia moja ambayo familia kadhaa zilitumia kwenda kwenye makaburi. Siku za kuruhusiwa zipo, lakini kwa barua ya kibali, na kuomba kibali cha kwenda kwa wazazi wako ni jambo linalochoma. Hilo tutalirudia kwenye mapitio. Kwa upande mwingine, magome yana kifungu chake, chemchemi ina wasimamizi waliotajwa kwa nafasi zao, wenye mashamba ya pembeni wana kikosi cha kulinda mazao kinachotambulika, na yule mzee yumo ndani ya mpango kama mwangalizi.

Nirudi kwenye ile safu ya dalili, kwa sababu wengi huisahau. Kila mpango wa hifadhi una sura ya ufuatiliaji, ambayo kwa kawaida huwa nyuma kabisa na watu huifikia wameshachoka. Ndani yake ndimo kunakoamuliwa kitakachopimwa, na kinachopimwa ndicho kitakachotetewa bajeti zikipungua. Rasimu yetu ilikuwa inahesabu doria zilizofanyika na wahalifu waliokamatwa, basi. Tulipigania viwili viongezwe, vyote vinavyoweza kupimwa na mtu asiye na chombo chochote cha gharama: kina cha maji ya chemchemi mwishoni mwa kiangazi, kwa kutumia alama zilizochongwa kwenye jiwe lililokuwapo, na idadi ya miti ya dawa yenye majeraha yaliyofunga dhidi ya yale yaliyo wazi. Mzee na wenzake wanaandika la kwanza, Bibi na wanafunzi wake wanahesabu la pili, na ofisa misitu anasaini daftari zote mbili. Mapitio ya kwanza ya mpango ni baada ya miaka mitano. Jueni tarehe ya mapitio yenu tangu siku ya kusaini, na daftari zianze kujazwa mwezi huohuo.